Bwana Wexford Hayupo

KITENGO CHA USULUHISHI WA KODI
Ofisi ya Maombi, Kaunti ya Pruitt

5 Februari 2018

ILANI YA MWISHO KABLA YA MALI KUKAMATWA

Kwa: Oleta M. Fugate, Barabara ya Stillhouse, Kaunti ya Pruitt, Kentucky

Serikali kuu imeandikisha zuio la kodi juu ya mali yako yote: nyumba, ardhi, magari, na chochote utakachopata baadaye. Zuio hilo lina namba na limo katika daftari la karani wa kaunti. Akaunti yako inaweza kufungwa wakati wowote.

Nyoka akishaingia bandani, usihesabu mayai, tafuta jembe. Una saa sabini na mbili. Ukipiga simu leo kwa namba iliyo hapa chini, afisa wetu ataanza mara moja kusimamisha hatua zote. Ukinyamaza, umechagua mwenyewe.

R. Wexford
Afisa Mwandamizi wa Kesi

(Kampuni binafsi. Si ofisi ya serikali.)

*

Stillhouse, 26 Februari 2018

Bwana Wexford,

Sikusalimu, maana sijui kama upo.

Tangu mwisho wa Januari nimepokea barua thelathini na moja za watu wanaotaka kuniokoa. Zimejaa meza ya jikoni mpaka nakula nimesimama. Wengine wameweka picha ya tai, yule ndege wa nembo ya serikali, wengine mihuri, mmoja ameweka hundi ya uongo yenye jina langu. Yako imezidi zote. Wenzako angalau huficha mambo ndani ya bahasha. Wewe umeandika ILANI YA MWISHO kwa wino mwekundu, nje, mahali anapoona kila mwenye macho, na mwenye macho wa kwanza ni Junie Couch wa posta. Junie hana roho mbaya, ila mdomo wake hauna kitasa. Jumapili mchungaji aliniombea mbele ya kanisa zima, "dada yetu aliye katika mapito ya fedha." Jumatatu mwenye kambi ya wageni kule ziwani, ambaye mashimo yake kumi na manne nimeyanyonya kwa miaka tisa, alinipigia kusema amepata mtu mwingine. Hataki gari likamatwe bomba likiwa bado ndani ya shimo lake.

Maana kazi yangu, kama karani wako hakukwambia, ni gari la majitaka. Mume wangu Virgil ndiye aliyeianzisha. Alikufa mwaka juzi kwa ugonjwa wa mapafu, nikabaki nayo mimi na dereva mmoja, Hobert. Hakuna shimo la choo katika kaunti hii ambalo sijaliingizia bomba. Uvundo naujua. Sijawahi kunusa kitu kama barua yako.

Ningeichoma pamoja na nyingine, lakini kuna sentensi moja ndani yake. Nyoka, mayai, jembe. Maneno hayo hayamo katika kitabu chochote. Aliyasema mtu mmoja tu, baba yangu, kila bili ilipofika mlangoni, na alikuwa na watoto wawili tu wa kumsikia. Mmoja ni mimi.

Arlis, kama ni wewe uliyejificha nyuma ya jina hilo la wakili wa kwenye televisheni, toka nje nikuone.

Na usipige simu. Kwenye simu wewe ni muuzaji tangu ulipokuwa na miaka sita. Andika.

Oleta Fugate, aliyezaliwa Sizemore

*

Tampa, Florida, 5 Machi 2018

Dada Oleta,

Haya, umenishika. Jipigie makofi.

Bwana Wexford hayupo. Ni jina tulilolipigia kura ofisini. Lilishinda kwa sababu linasikika kama mtu mwenye mvi. Barua naandika mimi, simu wanapokea wengine. Nalipwa kwa kila simu inayoingia, na ile ya nyoka imeingiza simu nyingi kuliko barua yoyote tuliyowahi kutuma. Watu wa mashambani wanaiamini. Baba alisema maneno hayo maisha yake yote asipate hata senti.

Na usiniite mwizi. Zuio la kodi si siri. Karani akiliandikisha asubuhi, jioni kuna mtu anauza orodha, na tunaoinunua ni kampuni thelathini na ushei. Ndiyo maana meza yako imejaa. Majina elfu nne kwa wiki, Kentucky na Tennessee. Kompyuta inachapa, mashine inakunja, lori linachukua. Hakuna mtu anayekaa kusoma majina.

Na kwa kuwa tumeanza kuulizana: wewe ulikuwa unangoja nini kuniambia? Zuio likiwa juu ya mali yako yote, basi liko pia juu ya nusu yako ya shamba la mama. Nusu nyingine ni yangu. Miaka mitatu nakuomba tuuze, unanijibu kwamba ardhi ya mama haiuzwi. Sasa nani atathubutu kuinunua? Umeifunga kwa ajili ya Virgil na vyoo vyake, halafu mimi ndiye ninayenuka.

Nijibu jambo moja, upesi. Ile namba ya simu. Niambie hukuipiga.

Arlis

*

Stillhouse, 12 Machi 2018

Arlis,

Sikuipiga. Unanionaje, mimi zuzu?

Virgil alikata kodi kwenye mishahara ya wafanyakazi asiipeleke serikalini. Mimi nilikuja kujua tumekwisha kumzika. Ndiyo hadithi yote, na hukuwa na haki ya kuidai, kwa kuwa mazishini hukuja. Ulituma shada la maua lenye kadi iliyokosewa jina. Nilisimama kando ya jeneza la mume wangu nikisoma "Vergil". Hivyo vyoo unavyovicheka ndivyo vilivyokulipia basi la kwenda Florida, ukiwa na suruali mbili na mdomo.

Nawe unanitajia ardhi ya mama. Siku zake nne za mwisho aliniuliza kila alipozinduka, "Arlis amefika wapi?" Nikamjibu yuko Georgia. Kesho yake nikamwambia yuko Tennessee. Nilikuwa nakusogeza barabarani kama kete ya bao, nikimdanganya mtu anayekata roho, nawe uko ofisini unatafuta njia ya kutisha watu wazima.

Nina swali moja nawe utalijibu kwa ndiyo au hapana. Unasema hakuna anayesoma majina. Kaunti ya Pruitt nzima ina watu wachache kuliko mtaa wako. Jina langu uliliona?

Oleta

*

Tampa, 20 Machi 2018

Dada,

Umenidanganya. Nimefungua faili lako.

Ulipiga tarehe 13 Februari, saa nne asubuhi, mkaongea dakika hamsini na mbili. Ulilipa dola elfu tatu na mia nane kwa kadi mbili. Simu zote hurekodiwa, nami nimeisikiliza yako mwanzo hadi mwisho. Yule aliyejiita Afisa Brandt alikuwa akiuza magodoro mpaka Oktoba iliyopita. Ulimwuliza kama serikali itachukua gari. Akakujibu, "Mama, huenda wako njiani sasa hivi." Sentensi hiyo nilimwandikia mimi. Imo katika karatasi iliyo mbele yake, mstari wa tisa. Nikakusikia unapumua kama mama alivyokuwa akipumua akipanda ngazi. Kisha ukasema, "Ngoja nilete mkoba."

Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa faili lako. Hakuna barua iliyopelekwa serikalini, wala simu. Wengi ndivyo wanavyofanyiwa. Ada ile ni ya "uchunguzi", na uchunguzi wetu hauna mwisho.

Swali lako: ndiyo. Niliona. Orodha za kaunti ndogo hupitia kwangu nisahihishe tahajia. Pruitt ilikuwa na majina ishirini na saba, lako la kumi na saba. Ningeweza kulifuta kwa kidole kimoja. Nilijiambia kwamba ukiogopa utamwona mhasibu, mambo yatatengenea, na hutajua kamwe kwamba nilikuwa najua. Kukupigia mwenyewe nisingeweza. Ungekata simu. Basi nikaiacha barua iende.

Sasa weka hasira kando dakika moja. Kuna bahasha nyingine, nyeupe, ya kawaida, kutoka ofisi ya kodi yenyewe. Haina rangi wala kelele. Posta hawakupi mpaka utie sahihi. Ndani yake mna haki yako ya kuomba kusikilizwa kabla hawajachukua kitu, na ina siku thelathini tu. Iko wapi?

Arlis

*

Stillhouse, 28 Machi 2018

Arlis,

Kumbe uliona. Basi ulimtuma Bwana Wexford afanye kazi ya ndugu yangu, tena ukapokea kamisheni.

Bahasha nyeupe ilikuja mara mbili, zote Februari. Nilikwenda dirishani kwa Junie nikaitazama. Nyembamba, haina neno hata moja la kunitisha. Wakati huo nilikwisha pokea barua ishirini zenye tai na mihuri, na zote ni uongo. Nikamwambia Junie, "Hii ndiyo inataka sahihi yangu? Basi hii ndiyo janja kuliko zote. Irudishe." Akasema, "Oleta, hii inaonekana ya kweli." Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyenitangaza kanisani, sasa umekuwa wakili?" Akairudisha. Ya pili sikuitazama hata kidogo. Ya kweli nimeifukuza kwa mkono wangu, na ya kwako nikaikimbilia kwa simu.

Juzi Jumatatu akaunti ya biashara ilifungwa. Ndani yake mlikuwa na dola elfu sita na kitu, mshahara na dizeli ya mwezi. Hobert alikwenda benki na hundi yake, mbele ya foleni, akarudishiwa. Hobert ana miaka sitini na mitatu na hajawahi kuninyanyulia sauti. Hata jana hakuninyanyulia. Aliweka funguo za gari mezani akasema, "Bi Oleta, nasikia mjini kwamba deni ni la kodi ya mishahara. Ile kodi mimi nilikatwa. Ilitoka mfukoni mwangu. Ilikwenda wapi?"

Haya ndiyo niliyokuficha wewe pia. Hakuwa Virgil. Virgil alilala miezi kumi na minne na mpira wa hewa puani. Hundi nilitia sahihi mimi. Kila Ijumaa nilikuwa na pesa za mishahara au pesa za serikali, kamwe si zote mbili, na serikali haikuwa na uso wa kusimama mlangoni kwangu ikanitazama. Nilijua nilichofanya. Nimemsingizia marehemu kwa kuwa hawezi kunijibu.

Usidhani sasa tuko sawa. Mimi nilichukua cha Hobert nikitetemeka, kila wiki. Wewe ulisahihisha tahajia ya jina langu.

Oleta

*

Tampa, 30 Machi 2018, kwa posta ya haraka

Dada,

Tutagombana baadaye. Soma hii umesimama.

Benki haipeleki pesa serikalini siku ileile. Sheria inaiamuru izishikilie siku ishirini na moja. Zilishikwa tarehe 26, kwa hiyo una mpaka tarehe 16 Aprili. Kule Lexington kuna kliniki ya wanasheria wa kodi kwa watu wa kipato cha chini. Ni bure. Mwulize wakili Marisol Teague. Nimempigia mimi, anakungoja. Nenda na taarifa za benki, karatasi za mshahara wa Hobert, risiti za dizeli, bili za hospitali ya Virgil. Aombe akaunti ifunguliwe kwa sababu ya dhiki. Halafu aombe usikilizwaji wa pili, ule unaoruhusiwa ndani ya mwaka mmoja kwa waliochelewa. Hauna meno kama ule wa kwanza, ukishindwa huwezi kwenda mahakamani, lakini ni mlango.

Hayo yote hayana gharama. Nimeyajua miaka sita. Sijawahi kuyaandika katika barua hata moja.

Nimemwomba bosi akurudishie ada. Akafungua mkataba akasema siku tano za kughairi zimepita. Nikamwambia huyo ni dada yangu wa damu. Akacheka. "Basi kwa nini hukumpa punguzo?"

Arlis

*

Stillhouse, 23 Aprili 2018

Kwa Bw. Estill Gayheart, Barabara ya Lick Branch

Jirani,

Jina lako nimelikuta katika daftari la karani, ambamo mtu yeyote anaweza kulikuta, na humo ndimo wanamolichota wale wanaokuandikia. Langu limo pia, kurasa chache nyuma. Sitaki pesa zako.

Zile bahasha zenye wino mwekundu, tai, na saa sabini na mbili ni za wafanyabiashara. Yenye haraka ni nyeupe isiyo na mbwembwe, inayotaka sahihi. Itie sahihi. Ifungue siku hiyohiyo. Mimi niliikataa mara mbili, nikalipa wezi, na benki ikanifungia. Wakili wa bure wa Lexington aliifungua akaunti siku ya kumi na nane, zikiwa zimebaki siku tatu pesa zichukuliwe. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii.

Ukinikuta barabarani usiniulize kitu, nami sitakuuliza. Lakini kila Jumanne saa kumi na mbili jioni jikoni kwangu kuna taa na kahawa. Lete bahasha zote, hata zile ulizoogopa kufungua.

Oleta Fugate, wa gari la majitaka

*

Tampa, 21 Mei 2018

Dada,

Umefanya nini?

Simu za Pruitt wiki nne hizi: sifuri. Kaunti mbili za jirani zimeshuka nusu. Halafu mtu mmoja huko kwenu ameturudishia ilani yetu pamoja na nakala ya barua yako, na juu yake ameandika, "Mwambieni Wexford aje anyonye shimo langu kwa mdomo." Imebandikwa ukutani ofisini. Wote walicheka isipokuwa bosi, na bosi anajua wewe ni nani, kwa kuwa nilimwambia mimi kwa kinywa changu nikikuombea ada. Anaamini nimekupa orodha.

Ameniamuru nikuandikie onyo kutoka "Idara ya Sheria". Idara hiyo haipo, kama Wexford. Niseme unaharibu biashara halali, utashtakiwa, utapoteza gari na nyumba. Amesema niongeze "kitu cha kienyeji, kama kile cha nyoka."

Bado sijaandika. Nakuomba uache. Umekwisha pata akaunti yako. Nina rehani ya nyumba, na Kelsey mwanangu yuko chuoni mwaka wa pili. Hao watu ishirini na sita uliowaandikia si ndugu zako.

Arlis

*

Stillhouse, 30 Mei 2018

Arlis,

Jana jikoni kwangu walikuja watu tisa. Estill Gayheart alifika na mfuko wa chakula cha mbwa umejaa bahasha. Alichimba makaa miaka thelathini, kisha akafungua karakana ya kutengeneza mashine za kukatia nyasi. Mkewe hajui lolote. Tangu Machi amekuwa akiwahi posta kabla yake, mzee mwenye goti bovu, anakimbia na mfuko. Tulimwaga zote mezani. Nyeupe ilikuwa chini kabisa. Aliitia sahihi lakini hakuthubutu kuifungua. Zimebaki siku sita. Alipoelewa maana yake alikwenda kusimama ukumbini, na tukajifanya hatumsikii.

Kisha akarudi akauliza, "Huyu Wexford ni mtu gani?" Nikamwambia simjui. Huo ni uongo wangu wa mwisho kwa ajili yako. Mdomo wangu ulikwisha danganya vya kutosha kitandani kwa mama.

Unanitajia Kelsey. Mwambie amshukuru Estill, kwa alichowalipa ninyi amemlipia kitabu kimoja. Mimi nimelipia muhula.

Wakili Teague amepeleka malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Anasema karatasi zetu zinaonyesha tulichofanyiwa, ila hazionyeshi mlichokusudia. Anahitaji mtu wa ndani, kwa kiapo, kwa jina lake halisi. Fomu hii hapa. Sikubembelezi. Hilo onyo nalo ukiliandika, litume tu. Litaingia kwenye faili moja na mengine.

Oleta

*

Tampa, 13 Agosti 2018

Dada,

Najua ni wiki kumi na moja. Fomu ilikaa chini ya kiti cha gari. Mara mbili nilitaka kuitupa kwenye kituo cha mafuta.

Nataka ujue kwamba sikufanya kwa ajili yako. Sikuwa na ujasiri huo. Julai waliajiri wapokea simu kumi na wawili, nikaitwa niwe nyuma ya chumba wakati wa mafunzo, niwaeleze namna barua inavyoandaa simu. Mkufunzi akasema atawapigia mfano wa simu iliyokwenda vizuri. Akabonyeza. Ilikuwa sauti yako. Dakika hamsini na mbili nzima. Uliposema "Ngoja nilete mkoba," akasimamisha, akawaambia, "Mmesikia? Hapo ndipo mlango unafunguka." Wakapiga makofi, Oleta. Mmoja akaiga unavyopumua, wakacheka. Mkufunzi akanigeukia, "Bwana Sizemore ndiye aliyeandika mstari uliomfungua. Mpongezeni." Wakanipigia makofi na mimi. Nikatabasamu. Nilikwisha tabasamu kabla sijajua nafanya nini.

Jioni ile niliichukua fomu. Nimeandika kurasa kumi na moja na kuambatisha karatasi za simu, ule mstari wa tisa ukiwemo. Waligundua siku nne baadaye; nilifukuzwa kazi, nikasindikizwa mlangoni nikiwa na sanduku la vitu vyangu. Denise mke wangu amerudi kwa wazazi wake mpaka, anasema, nijue mimi ni nani. Nyumba inauzwa. Kelsey anafanya kazi mkahawani na hanijibu.

Humu ndani mna hundi ya dola elfu tatu na mia nane. Ni yangu, si ya kampuni. Nimeitwa kwa Mwanasheria Mkuu, Frankfort, kutoa ushahidi tarehe 20 Septemba. Baada ya hapo sina pa kwenda. Naweza kulala nyumbani kwa mama siku chache? Nitalala hata sakafuni.

Arlis

*

Stillhouse, 3 Septemba 2018

Arlis,

Barua yako niliisoma mara moja, nikatoka, nikakaa ndani ya gari la kazi na madirisha yamefungwa. Habari ya makofi usinieleze tena, wala kwa maandishi wala kwa mdomo. Na ile tabasamu ulivyoiungama usidhani umeifuta.

Haya ndiyo mambo yalivyo. Nilisikilizwa kwa simu tarehe 9 Agosti, wakili Teague akiwa kando yangu. Afisa wa kodi, wa kweli safari hii, aliniuliza kwa nini nilirudisha barua zao mbili. Nikamweleza. Hakunicheka. Alisema huisikia hadithi hiyo mara nyingi. Nitalipa dola mia tatu na kumi kila mwezi kwa miaka sita. Zuio linabaki mpaka nimalize, kwa hiyo shamba la mama halitauzwa, na usinipe pole ya uongo wala mimi sitajifanya nimesikitika.

Hundi yako nimempa Hobert. Hata robo ya alichokatwa haifiki, na nimemwambia hivyo, na nimemwambia nani alitia sahihi. Aliikunja akaitia mfukoni. Kisha akauliza kama gari limebadilishwa mafuta. Amerudi kazini. Haniiti tena Bi Oleta. Ananiita Fugate.

Estill aliwahi siku zake. Karakana yake bado iko wazi. Mama mmoja wa Lick Branch hakuwahi. Alikwisha walipa wenzako wawili, kampuni tofauti, na nyumba ya magurudumu alimokuwa akiishi amewaachia waliomkopesha. Huja kila Jumanne hata hivyo, ingawa hana tena bahasha ya kufungua. Jina lake ni Ruthanne Slone. Katika orodha yenu alikuwa wa ishirini na mbili. Angalau huyu mjue.

Nyumbani kwa mama utalala. Nusu ni yako, siwezi kukuzuia, na godoro lipo. Usipitie huko kwanza. Njoo Jumanne tarehe 18, saa kumi na mbili jioni, jikoni kwangu. Watakuwepo wote. Maharage yatakuwa motoni na mkate wa mahindi utakuwa umekwisha katwa. Mimi sitawaambia wewe ni nani. Utasimama hapo mlangoni na kofia mkononi, utawaambia mwenyewe, jina lako na lile la uongo, na sentensi ya baba uliyowauzia. Estill ana mkono mzito na sitamshika. Ruthanne akitaka kukuuliza kitu, utamjibu mpaka amalize.

Ukishasema, kama kuna atakayekusogezea kiti, utakula.

Oleta